TAHADHARI: Yule muuza "dawa ya mafuta sugu" wa chupa za maji anaua sufuria zenu

Mama lishe, wakaanga chipsi na vikundi vya mapishi ya shughuli, someni hii kabla hamjatoa hela. Yule kijana wa meza ya plastiki na kipaza sauti, anayeuza maji ya kijani kwenye chupa za nusu lita kwa shilingi elfu tano, ni tapeli. Nimesema tapeli na neno silirudishi. Sufuria nne za kikundi chetu cha mapishi, zile za kilo ishirini, na wenyewe mnajua zilivyopatikana, zimekwisha. Andiko hili lilitakiwa litoke wiki iliyopita. Lilichelewa kwa aibu, maana waliosimama pale mezani na kununua chupa sita si watoto. Ni watu wanaoishi na sufuria kila siku ya Mungu.

Anavyofanya ni hivi, na anarudia vilevile kila anapohamia. Mezani ana mfuniko mweusi tii, ana karai lenye gome la mafuta ya kukaangia, ana beseni la maji yenye povu. Anaanza na mfuniko. Anachovya kitambaa kwenye beseni, anakipitisha mara moja tu, na weusi wote unatoka kama vumbi kwenye kioo. Watu wanaguna. Anakikunjua kitambaa kila mtu aone kilivyochafuka, kisha anamkabidhi mama mmoja aliyesimama mbele ajaribu mwenyewe upande uliobaki. Unatoka vilevile.

Halafu analisogeza karai, na hapo ndipo alipowanasa wenye akili zao. Gome lile lilikuwa la kweli. Lilikuwa nene, la kahawia iliyokaribia nyeusi, limeshika ukingoni na chini ya vishikio, mahali ambapo hata stilwaya hukata tamaa. Anafungua chupa mpya mbele ya watu, anamimina kama robo kikombe juu ya gome, anaacha. Dakika kumi nzima anaongea bei, anatania wateja, hana haraka. Akirudi anachukua mwiko, anakwangua taratibu, gome linabanduka vipandevipande na chini yake chuma kinang'aa. Mwisho anatumbukiza vidole kwenye lile beseni, anavisugua hadi povu, anasuuza, anaonyesha kiganja. "Haichagui sufuria, haichubui mkono." Basi pochi zikafunguliwa.

Na msiseme tungeshtuka. Yule mtu hakuongea uongo mwanzo mwisho, ndiyo maana aliaminika. Alisema mafuta yaliyoungua mara nyingi hayawi mafuta tena, na hiyo ni kweli. Mafuta yakipata moto mkali na hewa mara kwa mara, chembe zake hushikana zikawa wavu mmoja mgumu, kama vanishi kwenye mbao. Sabuni ya kawaida hunyanyua mafuta ambayo bado yanateleza. Vanishi ile haiijui sabuni. Alisema lazima kiwepo kitu cha kuukata ule mshikamano, na hiyo pia ni kweli. Mtu anayejua jiko akisikia maneno hayo anaona amempata mwenzake. Glovu nene za mpira zilikuwepo chini ya meza, zilionekana, na zikachukuliwa kuwa ni usafi wa mtu anayejali kazi yake!

Sasa ukweli wa kila kitu pale mezani. Ule mfuniko ulipakwa sabuni ya mche kabla haujapelekwa kwenye moshi wa kuni. Bibi zetu wote walifanya hivyo: unapaka sabuni nje ya sufuria, unapika kwa kuni, masizi yanakaa juu ya sabuni wala hayagusi bati, na ukimwagia maji yanashuka yenyewe. Hakuna dawa pale. Beseni ni sabuni ya maji na maji basi, kile kilichomo kwenye chupa hakikuingia humo hata tone. Karai ni la stili. Na ndani ya chupa kuna kostiki, ileile wanayochemshia sabuni, imeyeyushwa kwa maji na kutiwa rangi.

Kostiki kwenye stili haileti shida, gome linaondoka na chuma kinabaki. Lakini sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na alumini haiwezani na kostiki hata kidogo. Alumini inalindwa na utando mwembamba sana wa juu unaojitengeneza wenyewe ikikutana na hewa. Kostiki inauyeyusha utando ule, kisha inaanza kula bati lenyewe. Ndani ya dakika moja sufuria inatoa povu na sauti ya kuchemka wakati haipo motoni. Chombo kinapata joto, na joto likizidi ulaji unazidi. Lile povu ni hidrojeni, gesi inayoshika moto, na fikirieni jinsi majiko yetu yalivyo, sufuria inaoshwa hatua mbili kutoka kwenye mkaa unaowaka. Mvuke wake unabeba matone ya kostiki, ndiyo maana koo linawasha na macho yanatoa machozi. Ukimwaga unakuta bati limekuwa jeusi la kijivu, lina vishimo kama limepigwa na mchanga, na ukipitisha kidole unatoka na unga. Gome la mafuta? Limebaki sehemu nyingi tu, maana kostiki imejimaliza kwenye bati.

Huyu mtu alijua. Asingejua, asingechagua karai la stili kwa maonyesho katikati ya soko ambalo kila kichwa kimebeba sufuria ya alumini. Asingeficha glovu. Akamatwe. Na akikamatwa asipelekwe kwenye kikao cha kurudishiana elfu tano tano yakaisha, afikishwe mahakamani. Ameuza kemikali kali kwenye chupa ya maji ya kunywa, sokoni, penye watoto! Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ipo tangu mwaka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye anayesajili wauzaji wa vitu hivi. Anayejua anapolala, au gari linalompakia vitu vyake asubuhi, apeleke taarifa serikali ya mtaa au polisi. Msimpige. Akipigwa akatoroka, kesho yuko mkoa mwingine na beseni lake.

Kwa kuwa mtauliza tusugulie nini, jibu ni kwamba uijue kwanza sufuria yako ni ya madini gani. Sumaku haishiki alumini kamwe. Ikishika, ni chuma au stili. Isiposhika, pima uzito na sauti: alumini ni nyepesi na ukiigonga inatoa mlio mfu, stili ni nzito kidogo na inalia kama kengele.

Ya alumini, jaza maji yapite mstari wa mafuta, weka sabuni ya maji vijiko viwili vya chakula kwa kila lita tano, chemsha dakika kumi, epua, funika, iache mpaka maji yawe vuguvugu. Usimwagie maji ya baridi sufuria ya moto, kitako kinajikunja na haitakaa sawa jikoni tena. Kwangua kwa mwiko, sugua kwa dodoki au kumbi la nazi. Gome la nje halifikiwi na maji ya ndani, kwa hiyo loweka kitambaa kizito kwenye maji ya moto yenye sabuni nyingi, kizungushie pale penye gome, funga na mfuko wa plastiki kisikauke, kilale usiku kucha. Asubuhi chukua majivu yaliyochekechwa yakawa laini kama unga, changanya na sabuni ya mche iliyolainika, sugua, suuza papo hapo. Majivu nayo yana ukali wa namna ya magadi, ndiyo maana yanafanya kazi, na ndiyo maana hayatakiwi kukaa juu ya alumini zaidi ya dakika chache. Gome la miaka halitoki siku moja. Linataka raundi mbili, tatu, na kila raundi linapungua. Anayekuahidi dakika kumi kwenye alumini anakuuzia bati lako mwenyewe lililoyeyuka.

Weusi wa ndani ni kitu kingine, watu wanauchanganya na mafuta. Kila aliyepika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini ameuona ule mstari mweusi. Huo unatolewa na uchachu: maji ya ndimu tatu kwa lita, au ukwaju wa kujaa kiganja, chemsha dakika kumi hadi kumi na tano, mwaga, suuza. Ndimu haitoi gome la mafuta, msiihangaishe kwa kazi isiyo yake.

Stili ndiyo inayovumilia magadi. Vijiko viwili vya magadi kwa lita, chemsha taratibu dakika ishirini, acha ipoe nayo, gome linalegea. Karai la chuma pia linakubali, ila likishakuwa safi likaushe motoni na ulipake mafuta kidogo palepale, la sivyo kesho lina kutu. Za kutoshika chakula usiziguse kwa majivu, stilwaya wala magadi, ni maji ya moto, sabuni na sponji laini tu.

Dalili za yule mtu, kwa haraka. Chupa haina lebo, haina jina la mtengenezaji, haina alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kamwe hakubali kujaribu kwenye sufuria uliyokuja nayo wewe, ana sababu kila mara, mara itachafua meza, mara dawa ya maonyesho imebaki kidogo. Ukimuuliza ina nini ndani anasema "mimea". Glovu.

Kama mnayo chupa na mnataka kuhakikisha, fanyeni nje, mbali na moto na watoto, mkono ukiwa na glovu. Toneni kidogo kwenye kipande cha karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Ikitoa povu, hiyo haifai kwa sufuria ya alumini, haijalishi ameiita nini. Mwenye maji ya rozela yaliyopoa na hayajatiwa sukari aweke kijiko kimoja kwenye kisahani na atone humo: yakigeuka kijani, ni jamii ya kostiki. Yakizidi wekundu, ni asidi, maana wapo pia wanaouza maji ya betri kwa jina hilohilo. Hiyo ya asidi isikutane na jiki hata kidogo, inatoa gesi ya klorini na mapafu yanaungua.

Ikikurukia, maji yanayotiririka, dakika ishirini au zaidi, na nguo iliyolowa ivuliwe. Msipake ndimu eti kuua ukali. Jicho vilevile maji mengi, huku safari ya hospitali inaandaliwa. Mtoto akinywa, msimtapishe: kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Suuzeni kinywa, mbebeni pamoja na chupa, kimbieni hospitali hata kama hajaanza kulia. Koo lililoungua na kostiki huziba baadaye likipona kwa makovu.

Kwa ambao sufuria zimeshaguswa: suuzeni kwa maji mengi, chemsheni maji ya ndimu mara mbili na kumwaga, kisha futeni kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na unga wa kijivu, msipikie. Kisipotoka, inueni sufuria juani mtazame kwa ndani, tobo dogo kama ncha ya sindano litaonyesha mwanga. Zetu mbili zinaonyesha mwanga kitakoni. Mbili bado zinatoa unga.

Chupa mlizobaki nazo msimwage kwenye sinki wala shimoni, na msizirudishe kwenye kabati la vinywaji. Andikeni SUMU kwa kalamu nene pande zote mbili, fungeni kwenye ndoo yenye mfuniko, wekeni juu. Zetu tatu ambazo hazijafunguliwa zipo kwa katibu wa kikundi, tumeshatoa taarifa kituoni na zinatakiwa kama ushahidi. Mwenye nyingine ya kijani kama hiyo, na hasa aliyelipa kwa simu akabaki na ujumbe wa muamala, awasiliane na katibu kabla ya Jumatatu.