Jellyfin kwenye laptopu ya zamani: video za HD nyumba nzima kwa wifi, bando haliguswi

Wakuu, hii Jellyfin, programu ya kugawa video zako kwa vifaa vya nyumbani, naomba niiongelee kwa urefu kidogo, maana kila anayekuja home akakuta watoto wana tableti chumbani wanaangalia katuni, mama yao yuko jikoni na simu anaangalia yake, na zote ni HD hazikwami, swali la kwanza ni hilo bando mnalipa shilingi ngapi. Hakuna bando linaloliwa pale. Video zote ziko kwenye laptopu moja ya zamani pembeni ya TV, rauta inazigawa kwa wifi, na hata kifurushi kikikata saa hiyohiyo watu wanaendelea kuangalia kama kawaida kwasababu data haitoki nje ya nyumba.

Piga hesabu. Video ya 1080p iliyo safi inakimbia kwenye Mbps 10 hivi, yaani saa moja ni GB 4.5, na watoto wakipenda katuni moja wanairudia wiki nzima, kwahiyo ukiwa unategemea mtandaoni unalipia kitu kilekile kila siku. Ila mimi kilichonivuta zaidi ni video za familia. Harusi, sendoff, kipaimara, mpiga video anakupa flashi ina faili la GB 20 au 30, flashi inazunguka kwa ndugu, ikifika nyumba ya tatu haijulikani iko wapi. Ukisema utume kwa simu inaminywa mpaka sura za wazee hazieleweki. Sasa hivi faili linakaa sehemu moja na shangazi akija anaangalia kwenye simu yake akiwa amekaa kwenye kochi, picha ileile aliyoitoa mpiga video.

Kwa asiyeijua, Jellyfin ni programu ya seva, yaani inakaa kwenye mashine moja inazilisha nyingine, ni ya bure, na chanzo chake kiko wazi, yeyote anaweza kuichukua akaiendeleza. Ilizaliwa Desemba 2018 pale wenye Emby, programu nyingine ya kazi hiihii, walipoamua kufunga chanzo cha programu yao, kuna watu wakachukua toleo lililokuwa bado wazi wakaliendeleza wenyewe kwa kujitolea, na mpaka leo hakuna kitu ndani yake kinachodai hela. Plex, mpinzani wake, ni nzuri pia na imetulia sana, sitaiponda, lakini inakutaka uwe na akaunti kwao, na Aprili 2025 bei ya Plex Pass (kifurushi chao cha kulipia) ya maisha ilitoka dola 119.99 ikaenda 249.99 na kuangalia video zako ukiwa nje ya nyumba nako kukawa kwa kulipia. Kuna kitu kingine, kutumia chipu ya grafiki kubadilisha video kwenye Plex lazima uwe na Pass, Jellyfin unapewa bure. Kwa mtu anayelipwa shilingi hiyo tofauti ni kubwa.

Kuiweka hakuna shida, Windows au Linux zote zinakubali, ukimaliza unafungua kivinjari unaandika IP (anwani ya namba) ya hiyo mashine na poti 8096, yaani namba ya mlango wa programu, mfano 192.168.1.50:8096, unatengeneza mtumiaji, unaionyesha folda zako, basi. Video za familia ziweke kwenye maktaba ya aina ya video za nyumbani na picha, maana ukiziweka kwenye aina ya filamu itaenda kutafuta mtandaoni posta na maelezo ya filamu na harusi ya mdogo wako inaweza kubandikwa posta ya filamu ya watu. Alafu ingia kwenye rauta uipe laptopu IP moja isiyobadilika, la sivyo siku rauta ikizimwa na kuwashwa simu zote nyumbani zinaweza kuitafuta seva zisiione.

Sasa hapa ndio penye mambo. Jellyfin ina njia mbili kuu za kuleta video kwenye simu. Ya kwanza inatuma faili kama lilivyo, simu yenyewe inafungua, laptopu inakua haina kazi kabisa, hata mashine ya miaka kumi iliyopita inaweza kulisha simu kadhaa. Ya pili ni kutranskodi, yaani simu haielewi aina ya faili kwahiyo laptopu inaibadilisha papo hapo huku unaangalia, feni inaanza kulia, na kama prosesa ni dhaifu ndio unaona kile kiduara kinazunguka watu wanasema wifi mbovu kumbe wifi haina kosa. Ukiwa kwenye video gusa alama ya mipangilio, fungua taarifa za uchezaji, itakuandikia kabisa kama inacheza moja kwa moja au inatranskodi na sababu yake ni nini. Hicho kipengele peke yake kimenifanya niipende, maana haukisii, unaona.

Sababu zinazojirudia ni chache. Sauti ya DTS, mfumo mmoja wa sauti za filamu, simu nyingi za Android haziielewi, hiyo haina neno sababu inabadilishwa sauti tu na ni kazi nyepesi. Subtaito ndio balaa, zile za mfumo wa picha zinazotoka kwenye Blu-ray mara nyingi seva inalazimika kuzichoma juu ya video yenyewe, hapo video nzima inatranskodiwa kwa ajili ya maneno mawili chini ya skrini, kwahiyo tafuta subtaito za SRT ambazo ni maandishi matupu. Alafu kuna HEVC, aina mojawapo ya kuminya video, faili linakua dogo na picha safi, simu za siku hizi nyingi zinaifungua vizuri ila vivinjari vingi vinasumbua. Na kwenye apu ya Android ingia mipangilio ya apu ubadilishe kicheza video kutoka kile cha wavuti uweke kile cha ndani ya apu, mafaili mengi ya MKV (aina ya faili la video) yaliyokua yanatranskodi yanaanza kucheza moja kwa moja. Wenye iPhone kuna apu ya Swiftfin, Android kuna nyingine inaitwa Findroid, hii mimi ndio naitumia, nyepesi na inashusha video kwenye simu ukaangalie kwenye daladala.

Kama unataka kununua laptopu yuzdi Kariakoo kwa kazi hii, usiangalie RAM wala muonekano, angalia kizazi cha prosesa ya Intel. Kizazi cha 6 chipu yake ya grafiki inafungua HEVC ya kawaida ya biti 8 (hizo biti ni kina cha rangi), kizazi cha 7 kinaongeza biti 10, na hiyo biti 10 ndio imejaa kwenye video za 4K na HDR, zile zenye mwanga na rangi zaidi. Kwahiyo i3 ya kizazi cha 7 kwa kazi hii inaishinda i7 ya kizazi cha 4 bila ubishi hata kama muuzaji anakuapia.

Wifi. Hapa watu wengi ndio wanakwamia. Laptopu yenye video iunganishe na rauta kwa waya, tafadhali sana. Ukiiacha nayo kwenye wifi kila kipande cha video kinasafiri hewani mara mbili, kutoka laptopu kwenda rauta, alafu rauta kwenda simu, na wote wanagombania hewa ileile, spidi inakatika karibu nusu. Kipande cha waya wa kat 5 ni hela ndogo. Poti ya rauta za bei nafuu ni Mbps 100 tu lakini kwa video za Mbps 10 inakutosha familia nzima. Kwenye simu tumia masafa ya 5GHz ukiwa chumba kimoja au cha pili na rauta, ile 2.4GHz inapita ukuta vizuri zaidi ila kwenye nyumba za kupanga zilizobanana kila jirani yuko humohumo na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwahiyo jioni watu wakirudi kazini inazidiwa. Kuta zetu za tofali za bloku zinaila 5GHz kweli kweli, kama chumba cha mwisho hakipati ongeza kifaa cha pili cha wifi kilichovutiwa waya. Vile vimifi vya mfukoni havifai kwa kazi hii, vingi havina hata sehemu ya kuchomeka waya. Na simu ikikataa kuiona seva angalia kama haipo kwenye wifi ya wageni, ile kwa kawaida inazuia vifaa visionane.

Umeme nao. Laptopu ya namna hii ikivuta wati 15 usiku na mchana ni unit 11 kasoro kwa mwezi kwenye LUKU, na umeme ukikatika betri inaibeba. Rauta ndio inazima, kwahiyo nunua ile UPS ndogo ya volti 12 ya rauta, umeme uondoke watoto hawajui kama umeondoka.

Kwa watoto unafungua mtumiaji wao, unachagua maktaba gani waione, hata saa za kuangalia unapanga, ikifika saa tatu usiku inawakatalia yenyewe. Hicho ni kitu ambacho VLC, ile programu ya kuchezea video, haina. VLC nayo naisifu, kama uko peke yako na una folda tu umeishea kwenye laptopu, simu inaiona na inacheza karibu kila kitu bila seva wala nini, ila watu wakiwa wengi kila mtu anataka kuendelea alipoishia, Jellyfin inamkumbuka kila mtu na sehemu yake.

Kuangalia ukiwa mbali na nyumbani inawezekana, ila usiifungue poti 8096 kwa dunia nzima, weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye laptopu na kwenye simu, matumizi binafsi ni bure. Kinachoamua hapo ni spidi ya kupandisha ya intaneti ya nyumbani, kama inapandisha Mbps 5 video ya Mbps 10 haipiti, itabidi ushushe ubora kwenye apu mpaka Mbps 3 hivi na laptopu itranskodi, ndio faida ya ile chipu ya kizazi cha 7 unaiona. Na huko sasa bando linaliwa pande zote mbili, la nyumbani wakati wa kupandisha na lako wewe wakati wa kushusha, kwahiyo ukijua unasafiri shusha video kwenye simu usiku uliotangulia ukiwa bado kwenye wifi ya nyumbani.