Miche ya matunda damu niliyoiagiza bara, miaka miwili baadaye

Niliagiza miche sita ya matunda damu (wengine huyaita nyanya za mti) kwa muuzaji mmoja wa bara anayepokea oda kwa simu. Shilingi 150 kila mche, nauli ya basi hadi Mokowe juu yangu, na boti ya kuvukia Amu, yaani mjini Lamu kisiwani, nayo juu yangu. Niseme haki: kufunga mzigo anajua. Kila mche ulikuja na udongo wake, shina limeegemezwa kijiti, na baada ya safari yote ile ni mmoja tu uliofika umevunjika. Nilipompigia akasema, "Pole dada, nitakufidia." Mpaka leo nangoja.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hivyo niliipanda kiwandani, yaani uani mwa nyumba, ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu, nikawa naimwagilia maji ya mfereji. Mbolea ni samadi ya punda iliyokwisha kuoza, na hiyo Amu haina bei. Mapipa niliyatoboa chini vizuri, maana mizizi ya mti huu ikilala majini siku mbili tatu, basi.

Ikakua! Miezi minane imenipita kimo, majani mapana mfano wa moyo. Ukiyafikicha yana harufu kali, mama kila akipita husema, "Mti huu wanuka dawa." Vidukari vilikuja, nikavipiga maji ya sabuni. Kilichoniuma ni kusi. Matawi yalipopita ukuta wa kiwanda tu, upepo ukayakata kama biskuti, maana mbao zake ni laini mno.

Mwaka wa pili maua yakaja, vishada vya waridi hafifu, yananukia. Yakapukutika. Yakaja tena, yakapukutika tena. Miti mitano imenipa matunda manne, madogo.

Ndipo bwana shamba mmoja akanieleza: asili yake ni milima ya Andes, na hapa Kenya huzaa vizuri kule juu, Nyeri na Murang'a, penye usiku wa baridi. Sasa Amu mwezi wa Machi sisi twalala na feni mpaka alfajiri. Na huyu muuzaji nilimwambia kabla ya kutuma pesa kwamba niko Lamu, akanijibu, "Huzaa popote, bora maji." Hapo ndipo ninapomlaumu, si kwa ule mche mmoja.

Ladha sina neno. Ngozi chungu, usiile. Kata katikati, chota kwa kijiko na sukari kidogo. Mama aliyasaga matatu akatoa jagi moja la sharubati, akaionja akasema, "Huu ndio ukwaju wa watu wa bara."

Kufunga mzigo nampa nyota nne, ushauri moja. Kama una nduguyo Nyeri, mwambie apande yeye akutumie matunda. Mapipa mawili nimeshayang'oa miti, nimetia mbirimbi.