TAHADHARI: Hita ya "wati 300 zinazopasha kama 1000" imeniulia samaki

Kuna muuzaji anayewafuata watu wenye matangi makubwa ya samaki, ya lita 800 na kuendelea, anawauzia hita ya bomba la chuma yenye kijisanduku cha namba nyekundu. Maneno yake ni haya: hita inakula wati 300 tu, lakini inapasha kama ya wati 1000 kwa sababu ni "teknolojia mpya". Mimi nilinunua. Tangi langu ni la lita 1200 na nafuga diskasi, samaki wanaotaka maji ya nyuzi 28 hadi 30. Wanne wamekufa. Naomba usome kabla hujatuma hela.

Aliniingilia kwenye bili ya umeme. Mwenye tangi kubwa anajua msimu wa baridi mita inavyokimbia, na mimi nilikuwa na hita tatu za wati 300 zinazofanya kazi karibu usiku kucha. Akaniambia nizichomoe zote tatu, niweke yake moja. Akanitumia picha ya kipimajoto kinachosoma 29. Sikumuuliza tangi la kwenye picha ni la lita ngapi.

Siku ya kwanza maji yalishuka hadi 27, ya pili 26, ya tatu yakasimama kwenye 25 huku hita ikiwaka bila kupumzika. Samaki walibadilika rangi wakawa weusi, wakajibanza kona ya tangi, wakagoma kula. Baada ya hapo zikatokea zile chembe nyeupe kama chumvi kwenye mapezi. Nilizirudisha hita zangu za zamani nikapandisha joto polepole, lakini kwa wale wanne nilikuwa nimechelewa.

Nilipomlalamikia, alijibu hivi: "Wati za hita za zamani si sawa na wati za hita mpya." Huu ni uongo mtupu, na ndio uongo anaouza. Hita yoyote ya kuzamisha majini, iwe ya bei rahisi au ya bei mbaya, inageuza karibu umeme wote inaokula kuwa joto. Ikila wati 300 inatoa joto la wati 300. Kupandisha lita 1200 kwa nyuzi moja tu kunataka takriban uniti 1.4 za umeme, kwa hiyo hita ya wati 300 inahitaji kama saa 4 na dakika 40 kwa nyuzi hiyo moja, tena kwenye tangi ambalo halipotezi joto hata chembe. Tangi la namna hiyo halipo.

Kipo kifaa kinachotoa joto jingi kuliko umeme kinaoutumia, nacho ni pampu ya joto, inayochota joto la hewani na kuliingiza majini. Lakini hiyo ni mashine yenye kompresa na feni kama ya kiyoyozi. Haiwezi kuwa kijibomba cha kutumbukiza kwenye tangi, kwa hiyo muuzaji akikutajia neno hilo usibabaike.

Ukiwa tayari umeshanunua, ipime. Weka lita 20 za maji kwenye ndoo, tumbukiza hita, washa, koroga maji kwa kijiti kikavu cha mbao, subiri dakika 10. Hita ya wati 300 itapandisha maji nyuzi 2 na kidogo. Ya wati 1000 ingepandisha 7. Yangu ilipandisha 2.

Na kuna la hatari zaidi. Aliniambia bomba ni la titani. Baada ya wiki mbili likatoa madoa ya kutu, na titani haishiki kutu. Nikafungua plagi: nyaya ni mbili tu, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haupo. Hita yenye mwili wa chuma, bila ethi, ndani ya maji unayotia mkono kila siku! Ndani pakipasuka, maji yote yanaweza kuwa na umeme. Kama nyumbani kwako hakuna swichi ya kukata umeme unapovuja, hapo ni roho ya mtu, si samaki tena.

Bili inapungua kwa njia nyingine, na nimejifunza kwa uchungu. Nilikuwa naongeza lita 6 za maji kila siku kufidia yaliyoruka kama mvuke, wala sikuwaza. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na joto la kama theluthi mbili ya uniti, yaani nilikuwa napoteza karibu uniti 4 kwa siku kupitia juu ya tangi lililo wazi! Nimefunika kwa kioo, nikaacha upenyo mdogo wa hewa, sasa naongeza chini ya lita moja. Nyuma na ubavuni nimebandika yale mabamba meupe ya povu yanayokuja na televisheni mpya. Hita nimebaki na zile zile tatu, zinaongozwa na themostati ya nje (kifaa kinachoziwasha na kuzizima kufuata joto la maji), na zikiwa tatu, moja ikifa hao samaki hawagandi usiku mmoja, na moja iking'ang'ania kuwaka haiwachemshi.

Huyo muuzaji amenifungia mawasiliano na sasa anatumia jina jingine, ila picha ni ile ile ya kipimajoto kinachosoma 29, upande wa kulia kuna jani la plastiki la kijani. Ukiiona, mwombe picha ya plagi ikiwa imefunguliwa na umuulize ujazo wa lile tangi. Na uliye na hita hiyo majini sasa hivi, chomoa plagi ukutani kwanza, ndipo utie mkono.