Stripu au refraktomita: kipi kikague mkojo kabla ya kipimo cha dawa za kulevya?

Kwanza hukaguliwa kama mkojo umechezewa ili kudanganya kipimo, na hapo joto halina ubishi: mkojo uliotoka mwilini muda huo husoma nyuzi 32 hadi 38 za Selsiasi ndani ya dakika 4. Ubishi huanza baada ya hapo.

Kwa gharama, kopo la stripu, yaani vijikaratasi vyenye vipande vinavyobadilika rangi, ni nafuu, ingawa kila sampuli hula stripu moja. Refraktomita, kifaa cha kioo kinachoonyesha uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, huuma mfuko siku ya kwanza tu, kisha hudai kufutwa kioo na kuhakikiwa kwa tone la maji yaliyokenekwa, ambalo lazima lisome 1.000.

Kwa uhakika, refraktomita hufichua vizuri mkojo uliozimuliwa kwa maji, maana mstari kati ya buluu na nyeupe hushuka chini ya 1.003, lakini haiwezi kutambua dawa ya kufulia iliyodondoshwa ndani. Hapo stripu hushinda, kwa kuwa vipande vyake hupima kreatinini (taka ya kawaida ya mwili), asidi, na kemikali za kuharibu kipimo, yaani naitraiti na vioksidishaji. Tatizo ni unyevu: Kigoma, karibu na ziwa, kopo lililoachwa wazi huharibu rangi, nami ningelitupa bila kusita.

Zahanati ya Ujiji yenye sampuli chache kwa mwezi itatosheka na stripu. Kituo chenye foleni ya madereva kila asubuhi kitafaidi refraktomita, stripu zikiwa pembeni. Sampuli yenye shaka ipelekwe maabara, mhusika asihukumiwe mezani.