Mashine ya utambi ya kuongeza unyevu nyumbani: inafaa, ila ina gharama zake

Majira ya baridi ya Minneapolis, mji wa kaskazini mwa Marekani, hukausha hewa ya ndani kuliko wageni wengi wanavyotarajia, kwa kuwa hewa ya nje yenye baridi kali hubeba mvuke kidogo sana, na ikishaingia nyumbani na kupashwa moto na tanuri la gesi huwa kavu kupita kiasi: midomo hupasuka, koo hukwaruza, na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Mashine hii, ambayo feni yake hupitisha hewa kwenye utambi mpana uliolowa maji, inafanya kazi yake vizuri, na tofauti na zile za kutoa ukungu haiachi vumbi jeupe juu ya samani. Kipimo chake cha unyevu, hata hivyo, si cha kuaminika. Ni heri kununua kingine cha pembeni. Unyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50, lakini baridi ikizidi, upunguzwe mara tu matone yanapojikusanya kwenye vioo vya madirisha, la sivyo fremu zitaota kuvu. Utambi nao hukakamaa kwa chumvichumvi za maji ya bomba na lazima ubadilishwe, gharama ambayo dukani hakuna aliyeitaja. Usiku feni huvuma. Chumbani kwa mtoto mchanga nisingeiweka.