Pawa saplai ya voti 15 chanya na hasi kutoka Kariakoo: uzoefu wangu

Sijawahi kukasirishwa na kipande cha alumini kama nilivyokasirishwa na bamba la kupoozea la pawa saplai hii, na ninaandika hasira ikiwa bado haijanitoka.

Nilihitaji umeme wa pande mbili, voti 15 chanya na voti 15 hasi, kwa ajili ya mikseri ya kwaya ambayo bodi yake ya umeme ilikuwa imekufa. Aisi za sauti (vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokuza sauti) kama NE5532 zilizomo humo hupeleka wimbi juu na chini ya sifuri, kwa hiyo upande hasi ukilegea, nusu ya wimbi hukatwa na sauti ya mwimbaji hutoka ikikwaruza. Ningeweza kuiunda mwenyewe, ila Pasaka ilikuwa inabisha hodi, nikaona ninunue iliyo tayari. Zile za bei ya chini zenye transfoma ya 12-0-12, yaani voti 12 kila upande wa sifuri, nilizikwepa kwa makusudi: voti 12 hizo za AC zikishageuzwa na dayodi na kapasita kuwa DC, ambayo hufuata kilele cha wimbi, na mzigo ukaingia, huwa takriban 16, na regyuleta ya 7815 (kipande kinachotuliza umeme kwenye voti 15) haiwezi kutoa 15 zilizotulia ikiwa inalishwa 16, kwa kuwa huhitaji ziada zaidi ya hiyo. Nikachukua ya 15-0-15, yenye 7815 upande wa chanya na 7915, regyuleta pacha wake, upande wa hasi, zote mbili zikiwa zimefungwa kwenye bamba moja. Juu ya meza ilifanya kazi bila kasoro.

Sasa tulitazame hilo bamba. Mgongo wa chuma wa 7815 umeungana na mguu wake wa kati, ambao ni sifuri (waya wa pamoja wa voti 0), ilhali mgongo wa 7915 umeungana na mguu wa kati ambao ndio unaopokea umeme hasi kabla haujadhibitiwa. Aliyeiunda aliweka kipande cha maika, karatasi nyembamba inayozuia umeme kupita, nyuma ya 7815, ambayo haikukihitaji sana, kisha akaifunga 7915 uchi. Matokeo yake ni kwamba bamba zima lilibeba voti 21 hasi. Isitoshe, lilikuwa na matundu mawili yenye hesi, yaani limeandaliwa lifungwe mahali kwa skrubu! Nililifunga kwenye boksi la chuma la mikseri, ambalo kama maboksi yote ya namna hiyo limeungwa na sifuri. Nilipowasha, transfoma iliguna, harufu ya vanishi ikajaa chumba, dayodi za upande hasi zikafa, na fyuzi ya ampea 5, iliyowekwa kulinda transfoma isiyofika hata ampea moja, ikabaki nzima.

Niliirudisha dukani siku chache baadaye. Nilimweleza kijana wa kaunta kwa utulivu, nikamwonyesha mahali maika ilipokosekana, naye hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. “Mzee, hivi vitu tunawauzia mafundi,” alisema. “Wanaojifunza huwa wanaunguza.” Nilimwomba achukue nyingine palepale rafuni, aiwashe, na apime kwa testa, yaani mita ya voti, kati ya bamba na sifuri. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi, kisha akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Haki isemwe, japo inaniuma kuisema. Transfoma ilinusurika. Nilibadilisha dayodi, nikaweka maika na washa ya plastiki kwenye 7915, nikatia fyuzi ndogo, na tangu hapo mikseri ile iko kimya kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani spika hazijaungwa. Ule mvumo wa umeme tuliouzoea kanisani umetoweka, na upande hasi haushuki hata maikrofoni zote zikiwa wazi. Kapasita ni nzuri, na ulehemuji wake ni safi kuliko wa bodi ya awali. Kwa bei ile sidhani kama utapata bora zaidi, na nilikuwa tayari kuipa nyota nne.

Lakini kila nikiandika neno “nzuri” namkumbuka kijana yule, na nakumbuka kwamba kilichokosekana ni kipande cha maika ambacho bei yake haifiki hata ya kikombe cha chai. Mtu aliyeweza kulehemu vizuri namna ile alijua anachokifanya, na duka lililoonyeshwa kasoro likaendelea kuuza halina utetezi. Basi ni nyota mbili, na sizipandishi.

Mwenye nayo asiifunge popote kwanza. Aiwashe ikiwa juu ya ubao mkavu, aweke ncha moja ya testa kwenye bamba na nyingine kwenye sifuri; ikisoma kitu chochote karibu na voti 20, aizime, aifungue 7915 na kuiwekea maika kabla skrubu yoyote haijagusa chuma.