Henry hajui kushika upanga: miezi mitatu yangu na Kingdom Come: Deliverance

Mpwa wangu ana miaka 13, na kwenye gemu za mpira hakuna mtu mtaani kwetu anayemweza. Desemba alikuja kwangu Tanga kwa likizo, akakuta PS4, mashine yangu ya gemu, ina diski mpya, akaomba aanze yeye. Hazikupita dakika 40 akaniwekea pedi ya kuchezea mapajani.

"Mjomba, hii gemu haitaki nicheze."

Diski ilikuwa ya Kingdom Come: Deliverance. Niliinunua kwa mtu, imeshatumika, kwa shilingi 40,000, na mimi mwenyewe nilikuwa na siku mbili tu nayo. Kauli ya mtoto ilinikaa kichwani kwa sababu ndiyo lawama ninayoisikia kila tunapozungumzia RPG, gemu hizi za kuvaa uhusika wa mtu na kumkuza taratibu. Batani nyingi, menyu ndani ya menyu, vitu vya kukariri kama unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Raha iko wapi? Siku ile nilikaribia kukubaliana naye. Leo, miezi mitatu baadaye, nina jibu jingine.

Kwanza gemu yenyewe, kwa asiyeijua. Ilitoka Februari 2018 na imetengenezwa na Warhorse Studios ya Prague. Mwaka 2014 waliomba mchango wa wachezaji kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, wakapata zaidi ya pauni milioni 1. Humu hakuna joka wala mchawi wa kurusha moto. Ni mwaka 1403 katika ufalme wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mfalme Wenceslas IV yuko kifungoni, na ndugu yake wa baba mmoja, Sigismund wa Hungaria, anapita akichoma miji. Wewe ni Henry, kijana wa mhunzi katika mji wa Skalitz. Mji unachomwa, baba na mama wanauawa mbele ya macho yako, unakimbia na nguo ulizovaa.

Na Henry hajui kitu. Hapo ndipo penye kiini cha gemu nzima. Hajui upanga, hajui kusoma, akivuta upinde mkono unamtetemeka na kwenye skrini hakuna alama ya kukuonyesha mshale utatua wapi.

Kazi yake ya kwanza ni ndogo. Baba anamtuma akadai deni kwa mlevi mmoja anaitwa Kunesh, aliyechukua shoka, nyundo na misumari bila kulipa. Mpwa wangu alifanya alichozoea: akamvaa Kunesh kwa ngumi, akibonyeza batani haraka haraka kama anapiga penalti tano kwa mpigo. Akaangushwa. Akaanza upya, akaangushwa. Mara ya tatu ndiyo nikapewa pedi.

Nilimwambia akae, nikamwonyesha mistari miwili chini ya skrini. Maandishi yote ni Kiingereza, tena herufi ndogo, na yeye alikuwa anayaruka. "Huu ni uhai wake. Huu mwingine ni pumzi. Kila ngumi unayorusha inakula pumzi. Pumzi ikiisha, pigo lolote linaingia moja kwa moja mwilini." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nilikuwa namchosha mwenyewe?" Ndiyo, nikamwambia. Kisha akauliza swali zuri zaidi: "Lakini lazima nipigane naye?"

Si lazima. Unaweza kwenda kuwatafuta marafiki wa Henry, nao watakusaidia, ila kwanza uende nao kutupia nyumba ya jirani mmoja kinyesi cha ng'ombe. Mtoto alicheka mpaka akalala chini. Vifaa vya baba vikarudi, na pedi haikurudi kwangu jioni ile.

Nimekisimulia kisa hicho kwa urefu kwa sababu kilinionyesha kwamba nusu ya tulichokuwa tunakiita ugumu ilikuwa ni kutoelezwa kwa lugha unayoielewa. Neno moja, pumzi, lilifungua mlango ambao kurasa za maelekezo ya Kiingereza hazikuufungua. Gemu hii haina Kiswahili, kama zilivyo karibu zote, na nadhani watoto wengi wetu wanaishia kwenye mpira na mbio za magari kwa sababu hiyo, wala si kwa kukosa akili ya kuelewa mifumo.

Tuje kwenye upanga, maana ndiko watu wengi wanakokata tamaa. Analogi ya kulia, kile kijiti cha dole gumba kwenye pedi, unaitumia kuchagua upande wa kupiga, kwenye nyota yenye ncha tano, na katikati ni kuchoma. Adui naye anachagua upande wake. Ukipiga alikojikinga, umepoteza pumzi. Siku za kwanza nilikuwa natoka jasho la viganja kwa jambazi mmoja wa njiani aliyevaa matambara. Kisha nikafika mji wa Rattay, kwa kapteni Bernard, ambaye anafundisha uwanjani kwa upanga wa mbao. Nilikaa naye jioni nzima. Kinga, rudisha. Kinga, rudisha. Mwanzoni Henry anashika upanga kama mtu aliyeokota fimbo. Anavyozidi kufanya mazoezi, mapigo yake yanakuwa mepesi, na wakati huohuo vidole vyangu vilikuwa vimeanza kujua sekunde ya kukinga bila mimi kuifikiria. Siku niliyorudi njiani nikakutana na majambazi wawili nikatoka mzima, nilisimama nikiwa nimeshika pedi. Nimecheza Skyrim, RPG nyingine, tangu ilipokuwa mpya, naipenda mno, lakini siwezi kukusimulia pambano hata moja la kule. La wale wawili kwenye kijia cha msituni nakusimulia hatua kwa hatua.

Mengine ni ya hivyohivyo. Usipokula unadhoofika, na chakula ukikiweka siku nyingi kinaoza. Ukiingia kwa bwana mkubwa na nguo zina damu na matope, maneno yako hayana uzito, nenda kwanza kwenye nyumba ya kuogea. Ukivaa kofia ya chuma ya kufunika uso, unalindwa, lakini unauona ulimwengu kupitia mwanya mwembamba.

Na kusoma! Mpwa wangu alifungua kitabu, akaniita akidhani diski imekwaruzwa. Herufi zote zilikuwa zimevurugika, neno linakaribia kuwa neno halafu sivyo. "Haisomeki, mjomba." Nikamwambia, haisomeki kwa Henry. Akaangalia tena. "Kumbe hajui kusoma!" Ilibidi tumpeleke kijiji cha Uzhitz kwa mwandishi wa pale akafundishwe, na jinsi alivyoendelea kujifunza, herufi zikaanza kurudi mahali pake, moja moja. Mtoto aliyekataa kusoma maelekezo alikaa kwenye kiti akisoma kitabu cha kwenye gemu kwa sauti, kwa Kiingereza, ili aone kama mstari wa leo umenyooka kuliko wa jana. Sijawahi kuona mfumo wa gemu ukifanya kitu kama hicho.

Dawa pia unazipika mwenyewe. Unafungua kitabu cha mapishi, unamimina divai chunguni, unatia majani yanayowasha, unavuta mvukuto moto uchachamae, unapindua chupa ya mchanga kupima muda, unatwanga mmea mwingine wa sumu kwenye kinu kidogo, unautia, unasubiri tena. Ukikosea mpangilio unapata uji wa ovyo. Kwa hesabu ya batani hii ni kazi nyingi kuliko gemu yoyote niliyowahi kucheza, ambako ungebonyeza mara moja tu na dawa ikatokea. Lakini kila batani hapa ni kitu ambacho mkono wa mtu unafanya jikoni. Sikukariri batani, nilikariri pishi.

Nalinganisha na Genshin Impact, ambayo niliicheza kwenye simu karibu mwaka mzima. Kuicheza ni rahisi kabisa: kidole kimoja kinatembea, kingine kinapiga, mtoto wa miaka saba anaweza. Lakini nyuma yake kuna vitabu vya kukuza uwezo vinavyopatikana siku fulani za wiki tu, kuna kipimo cha nguvu ambacho kikiisha unasubiri kijae, kuna vifaa vitano vya kuvalisha kila mhusika, na kila kifaa kina takwimu za bahati nasibu ndani yake. Nilikuwa na daftari, kweli, lenye ratiba ya Jumatatu na Alhamisi. Nchi yenyewe inapendeza na muziki wake ni mzuri sana, ila daftari lile halikuwa na jambo hata moja linalohusu nchi ile au watu wake. Nilichoka nalo nikaacha, na wepesi wa batani haukunisaidia.

Ndiyo maana swali la "batani ngapi" naona halitufikishi popote. Nauliza: kinachonishinda ni kitu kinachomshinda pia huyu mtu niliyemvaa? Kama ndiyo, nipo tayari kuteseka naye.

Kuna mahali Kingdom Come inafeli kipimo hichohicho, na sitaifichia. Kufungua kufuli kwa pedi ni adhabu. Analogi ya kushoto inatafuta nukta moja ndani ya kufuli mpaka igeuke rangi ya dhahabu, analogi ya kulia inazungusha kufuli, na huku inazunguka lazima ile ya kushoto uifuatishe bila kuteleza hata kidogo. Ikiteleza, kifungulio kinakatika na kelele inasikika. Unaweza kusema naye Henry hajui wizi, ni sawa na upanga. Hapana. Upanga ukinishinda najua kwa nini: nilipiga upande uliokingwa, au pumzi iliisha. Kufuli likinishinda sijui kitu, isipokuwa kwamba dole gumba langu la kushoto limetikisika. Waliongeza njia nyepesi baadaye. Nenda kwenye mipangilio uiwashe kabla hujaanza, wala usione haya.

La pili ni kupigana na watu watatu. Macho ya Henry yanamng'ang'ania adui mmoja, ukitaka kumgeukia anayekujia kwa nyuma yanarukia mwingine, na analogi ileile ya kuchagua upande wa pigo ndiyo unayohangaika nayo kubadilisha mtu. Hapo nakufa kwa sababu ya pedi, na nikifa kwa sababu ya pedi naizima.

La tatu ni kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia. Husevu unapotaka. Unalala kwenye kitanda chako au cha kukodi, unakwenda kuoga, au unakunywa kinywaji maalumu, na chupa ni za bei au uzipike, ndiyo hiyo ya divai na majani yanayowasha. Nia naielewa, uamuzi wako uwe na uzito, usirudi nyuma kila unapokosea. Na inafanya kazi, niliingia kila nyumba ya mtu kwa tahadhari ya kweli. Lakini Januari, Jumamosi moja, nilicheza kwa muda wa saa tatu bila kumlaza Henry, nikiwa nimemfuata mtu kutoka kijiji hadi kijiji, na umeme ukakatika. Nyumba ikawa kiza. Nilijua kabla hata sijainuka kitini kwamba kila kitu kimekwenda. Baadaye waliweka njia ya kusevu unapotoka kwenye gemu, ni jambo jema, ila umeme haukupi nafasi ya kutoka. Siku hizi ikikaribia magharibi namlaza Henry, hata kama kazi imefikia patamu.

Toleo la pili lilitoka tarehe 4 Februari 2025, halichezeki PS4, kwa hiyo nimelicheza mara mbili tu kwa rafiki mwenye PS5. Hata kwa muda huo mfupi nimeona walichofanya. Pande za kupiga zimepungua kutoka tano hadi nne, mkono unapumua. Na hapohapo wakaongeza uhunzi: unapasha chuma, unakigonga kwa mapigo ya mfuatano, unakigeuza, unakirudisha motoni, mwisho unakizamisha kwenye maji. Wameondoa mzigo kwenye pedi, wakaongeza kwenye maisha ya Henry. Nilifua upanga wangu wa kwanza mwenye nyumba akinisubiri nimpishe kiti, sikumpisha mpaka ulipokamilika.

Kwa mwenye PS4 anayetaka kuanza na hili la kwanza: jipe muda wa saa kumi za kucheza kabla hujalihukumu, baki na Bernard zaidi ya unavyodhani inatosha, usipigane na watu watatu, na ukiwa na kijana pembeni msomee maelekezo kwa Kiswahili.

Mpwa wangu alirudi shuleni Januari. Henry wake amemwacha amelala kitandani kwenye kinu cha Peshek, msaga nafaka, nje kidogo ya Rattay, ana chupa mbili mkobani na kitabu kilichofika nusu. Aliniambia nisimguse.